Uliza Spea Kabla ya Kuuliza Bei

Kila mvua inapokaribia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hoja ya trekta hufufuka. Kikundi cha akiba kimejaza sanduku, chama cha akiba na mikopo (SACCO) kiko tayari kuongezea, na kuna mtu Mbarara anauza trekta dogo la mitumba, limepakwa rangi upya na bei yake inavutia. Msimamo wetu ni huu: bei hiyo ni ya kuingilia mlangoni tu. Kikundi ambacho hakijatenga fedha za matengenezo, wala hakijui spea zitatoka wapi, kisinunue. Kikodi trekta la mwingine, kilime, kiendelee kuweka akiba.

Hatusemi trekta ni anasa. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958, na waliofika hapa wengi wameishi kwa jembe la mkono na mgao wa chakula. Mgao huo umepungua hatua kwa hatua: ukashuka hadi asilimia 70 ya mgao kamili mwaka 2020, hadi asilimia 60 mwaka 2021, kisha Julai 2023 familia zikagawanywa makundi matatu, na kundi lililohesabiwa kuwa linajiweza likaondolewa kabisa. Mtu aliyeambiwa ajitegemee ana haki ya kutafuta mashine ya kumwezesha. Tena sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi na kumiliki mali inayohamishika. Kwa hiyo anaweza kununua trekta. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama anaweza kulitunza.

Tuanze na ardhi. Kiwanja cha mita 50 kwa 100 ni zaidi kidogo ya ekari moja. Kiwanja cha mita 30 kwa 30 hakifiki hata robo ya ekari, na trekta likiingia humo linatumia muda mwingi kugeuka kuliko kulima. Ongeza visiki, mawe na migomba ya jirani mpakani. Ina maana kikundi kinachonunua trekta hakinunui kwa ajili ya mashamba ya wanachama peke yake. Kinaanzisha biashara ya kulimia wengine: wenyeji wa wilaya hii ya Isingiro wenye ekari nyingi, na wakimbizi waliokodi mashamba kwao. Biashara hiyo isipokuwapo, trekta litafanya kazi siku chache na kukaa chini ya turubai mwaka mzima, huku mkopo ukiendelea kudai.

Sasa hesabu ya biashara yenyewe. Mvua hapa ni misimu miwili, ya Machi na ya Septemba, na kila msimu wakati wa kulima ni mfupi. Tuchukue mfano: wiki 5, siku 6 kwa wiki, ekari 3 kwa siku. Hizo ni ekari 90 kwa msimu, iwapo hakuna kitu kilichoharibika. Trekta likisimama wiki 2 tu likingojea kifaa, ekari 36 zimekwenda, yaani asilimia 40 ya mapato ya msimu. Mteja hakungoji, mvua imeshanyesha, atamwita mwingine au atashika jembe. Hapo ndipo penye gharama kubwa ya ubovu. Kifaa chenyewe huenda ni cha bei ya kawaida, lakini siku za kukingojea ndizo zinazomaliza kikundi.

Kanda hii ililijua somo hili zamani. Mwaka 1947 Waingereza walikwenda Kongwa, Tanganyika, kulima karanga kwa eneo kubwa ajabu. Matrekta mapya hayakupatikana kwa haraka baada ya vita, wakanunua yaliyotumika, mengi yakiwa mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yalifika yakiwa yamechoka. Mafundi walikuwa wachache, spea haba, na ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu, mizizi ikavunja majembe. Baada ya miezi michache mengi yalikuwa yamesimama. Mpango ulifutwa mwaka 1951 na serikali ya Uingereza ikapoteza zaidi ya pauni milioni 36. Ikiwa serikali yenye hazina nzima ilikwamishwa na matrekta ya mitumba yasiyo na spea, kikundi cha watu 25 cha Rubondo, humu Nakivale, kina sababu ya kuwa makini zaidi.

Matrekta madogo ya mitumba tunayoonyeshwa ni ya namna mbili kuu. La kwanza ni la Kijapani: Kubota, Yanmar, Iseki na wenzake. Mengi yalilima mashamba madogo ya mpunga Japani, na yanauzwa kwa sababu wakulima wa huko wamezeeka na vijana wamehamia mijini. Injini zake ni nzuri na hazili dizeli nyingi. Lakini mifano mingi iliundwa kwa soko la Japani tu, haikuuzwa kwingine, na namba zake hazifanani na zile zilizouzwa nje. Simama karibu na gia uone: vibandiko vyote ni vya maandishi ya Kijapani. Dereva hajui ni kipi cha kasi ya shafti ya nyuma na ni kipi cha magurudumu ya mbele, anajifunza kwa kubahatisha, na kubahatisha huko hulipiwa kwenye gia. Isitoshe, hufika na rotaveta iliyozoea tope laini la mpunga, hali miteremko ya Isingiro ina mawe.

La pili ni Massey Ferguson kuukuu, kama 135 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964 na injini yake ya Perkins ya silinda 3. Si dogo kama la Kijapani, umbo lake ni la kizee na husababisha mgongo kuuma. Hata hivyo mafundi wa Afrika Mashariki wamelifungua na kulifunga kwa miaka 60. Viwanda vya TAFE nchini India na Millat nchini Pakistani viliendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huo kwa leseni, ndiyo maana vifaa vyake bado vinatoka vipya. Sisi tukilazimishwa kuchagua kwa kikundi cha Nakivale, tutachagua lile ambalo fundi wa Mbarara hahitaji kitabu kulitengeneza, hata kama rangi yake imebabuka.

Basi utaratibu ugeuzwe. Kabla ya kwenda kulitazama trekta, andika jina lake, namba ya mfano na namba ya injini, upitie maduka ya spea Mbarara. Uliza vitu vitano: chujio za oili na dizeli, sahani ya klachi, pampu ya maji, gasketi ya silinda hedi, na nozeli. Uliza bei ya kila kimoja na kama kipo dukani leo. Wauzaji watatu wakikujibu "tutakuagizia", umeshajibiwa kuhusu trekta zima. Kutoka Nakivale hadi Mbarara ni takriban kilomita 60. Safari hiyo hulipiwa kila kifaa kinapokosekana, na kifaa cha kuagizwa Kampala au nje ya nchi kinakula msimu.

Trekta likishapita mtihani wa duka, ndipo lipite mtihani wa fundi. Nenda na fundi wako, umlipe wewe, asilipwe na muuzaji. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hamjafika. Mkifika, weka kiganja kwenye injini: ikiwa ya moto, kuna anayekuficha ugumu wa kuwaka. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi kama chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Fungua rejeta ikiwa baridi, utazame kama mafuta yanaelea. Moshi mweusi unaweza kuwa chujio ya hewa iliyoziba, jambo dogo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo unazungumzia kufungua injini. Inua plau kwa haidroliki, uliache juu huku injini inaunguruma. Likizama lenyewe na kupanda tena, kuna uvujaji ndani. Shika usukani uone unacheza kiasi gani kabla magurudumu hayajaitika. Mita ya saa usiiamini peke yake kwa sababu hubadilishwa; tazama pedali zilivyolika na tundu la kuvutia trela lilivyopanuka. Mwisho, lilime. Trekta lililozungushwa uwanjani tu halijajaribiwa.

Kila kasoro iandikwe na kutiwa bei, kisha igawanywe katika mafungu. Fungu la kwanza ni la vitu vidogo: chujio, mikanda, betri, mipira ya maji, sili. Hivyo ni vya kutarajiwa, mnunue bila hofu. Fungu la pili ni klachi, nozeli, stata, tairi za mbele. Hapa angalieni ufundi na siyo kifaa tu. Sahani ya klachi inaweza kuwa rahisi, lakini kuifikia ni lazima trekta litenganishwe vipande viwili katikati, na kazi hiyo hulipiwa siku nzima au zaidi. Fungu la tatu ni ovahoo ya injini, pampu ya dizeli, giaboksi, ekseli ya mbele yenye kuvuta na tairi kubwa za nyuma. Kasoro moja ya fungu hili ni sababu ya kushusha bei sana. Mbili ni sababu ya kuondoka.

Kanuni tunayoipendekeza ni rahisi kukumbuka: gawanyeni fedha zenu mafungu matatu sawa, mawili yanunue trekta, moja libaki benki. Kikundi chenye shilingi milioni 24 kitafute trekta la milioni 16, kisivutwe na la milioni 24 eti ndilo zuri zaidi. Milioni 8 zinazobaki zitagharimia chujio na oili zote siku ya kwanza, kasoro zilizokwishaonekana, na ile ambayo haikuonekana. Kisha kila ekari inayolimwa itoe fungu lake kwenda kwenye akaunti hiyo kabla mtu yeyote hajagawana faida. Dereva awe mmoja au wawili, si kila mwanachama anayetaka kupiga picha usukanini, na daftari la saa, oili na dizeli likae ndani ya boksi la trekta.

Karatasi nazo zina gharama. Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya dhamana za mali inayohamishika na daftari lake la kuandikisha madeni. Pekueni humo kabla ya kulipa, msije mkanunua trekta ambalo benki inalidai. Kadi ya trekta isomeke kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, isiwe ya mwenyekiti. Nakivale mwenyekiti anaweza kuitwa kwenye mahojiano ya kuhamia Canada na miezi kadhaa baadaye akapanda ndege. Mungu amjalie safari njema, lakini trekta na deni vinabaki hapa. Katiba ya kikundi iseme mapema anayeondoka analipwa nini na lini.

Wengine pia wana wajibu. SACCO zikopeshe matengenezo kama zinavyokopesha ununuzi. Ni upofu kumpa mtu milioni za kununua kisha kumnyima laki chache za klachi msimu ukiwa umepamba moto, wakati kulima ndiko kutakakolipa mkopo. Wafadhili wanaopenda kukabidhi mashine mbele ya kamera wakabidhi pia sanduku la spea na nafasi ya mafunzo kwa vijana wawili wa hapa hapa. Fundi aliyepo Base Camp, humu humu makazini, hupunguza wiki ya kungoja ikawa siku. Na wauzaji wa Mbarara wajue kwamba anayemkataza fundi wa mnunuzi asilifungue trekta anajitangaza mwenyewe.

Kwa vikundi vinavyokaribia kununua msimu huu, tunasema hivi: kama hamna wateja wa ekari za kutosha, kodini. Kama hamjafanya ziara ya maduka ya spea, ahirisheni. Kama theluthi ya fedha haijawekwa pembeni, shusheni macho kwenye trekta la bei ndogo zaidi au subirini mavuno yajayo. Vyote vitatu vikitimia, nunueni bila woga, na mwageni oili ya zamani siku hiyo hiyo.