Gobore Jipya na Dhamiri Yetu



Tulipotembelea kigango kimoja upande wa Manyoni, mhunzi mmoja, mwanakwaya wa siku nyingi, alitupeleka kwenye kibanda cha mivukuto yake, akafunua gunia na kutoa gobore ambalo alikuwa amelimaliza juma lile. "Padre," alisema kwa fahari, "hili lilikuwa bomba la maji tu. Sasa nimelitia roho."

Tulilishika mikononi. Yatupasa kukiri kwamba ilikuwa kazi safi: kitako kimechongwa kwa subira, mtutu umenyooka, mtambo unarudi mahali pake bila kukwama. (Jinsi linavyoundwa hatutaeleza hapa, wajuao wanajua, na wasiojua hawana hasara.) Lakini neno lile la roho lilitufuata njia nzima ya kurudi parokiani.

Gobore ni nakala. Asili yake ni bunduki za karne ya 19, zile za gumegume na baadaye za fataki, ambazo majeshi ya Ulaya yalizitupa yalipopata bora zaidi, nazo zikauzwa kwetu kupitia Pwani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilizipitisha katika pori la Mgunda Mkali, ndani ya mkoa wetu huu. Januari 1875 msafara wa Stanley ulipigana na wenyeji wa Ituru, bunduki dhidi ya mikuki na mishale, na watu wa pande zote mbili walikufa. Si ajabu basi kwamba mhunzi aliyezoea kufua jembe na mkuki alitamani kuijua siri ya chuma kile.

Huko Ulaya na Marekani wapo watu ambao, kwa burudani tu, huunda nakala za bastola za kale, hata zile za upepo, ili wazitundike ukutani au walenge shabaha uwanjani. Furaha yao ni kuona chombo cha mababu kikifyatua tena. Kwetu chombo cha mababu hakikupata kustaafu. Kikiisha kufyatua, hakirudi ukutani. Huingia porini, au barabarani usiku.

Wapo waamini wanaotuambia kwamba gobore ni chombo cha kazi kama shoka, na kwamba dhambi imo katika mkono na si katika chuma. Hoja hii si ya kupuuzwa, lakini haitoshi. Shoka lina kazi nyingi. Gobore lina moja. Tena halimtii hata mwenyewe: bomba la maji lilitengenezwa kuhimili msukumo wa maji, si mlipuko wa baruti, na mtutu ukipasuka humpasukia aliyeuegemeza shavuni. Yupo kijana katika eneo letu ambaye leo anapokea Komunyo kwa mkono wenye vidole viwili.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kuunda wala kumiliki silaha bila kibali. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi yetu ilitia sahihi, inataka kila silaha iwekwe alama ili ijulikane ilikotoka. Gobore halina namba. Mtu akiuawa kwalo, mjane hana pa kuanzia kuuliza.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, tunakutana na Tubal-kaini, baba wa wafua shaba na chuma. Maandiko hayamlaumu kwa ufundi wake. Ila mara tu baada ya kutajwa kwake tunamsikia baba yake, Lameki, akijisifu mbele ya wake zake kwamba ameua mtu. Mwana anafua, baba anajigamba. Hatuambiwi chuma kile kilipitaje kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na pengine Tubal-kaini naye hakuuliza.

Hata hivyo tusimwelemee mhunzi peke yake. Mkulima anayelala shambani akiwalinda nguruwe mwitu na tembo wasimalize mtama wake hanunui gobore kwa sababu anapenda damu. Anaogopa njaa. Kifuta jasho kilichowekwa na Serikali kwa mazao yaliyoharibiwa, wakulima wetu hulalamika kwamba huchelewa na ni kidogo. Tume za Haki na Amani za vigango ziwasaidie kuandika taarifa zao mapema na kuzifuatilia, maana gobore halimzuii tembo. Humjeruhi, na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima.

Mara kadhaa katika miaka ya hivi karibuni Serikali imetoa muda maalumu wa kusalimisha silaha kwa hiari bila mtu kushtakiwa. Wengi wanaogopa kwenda peke yao kituoni. Tunaziomba Halmashauri za Walei zizifuatilie nafasi hizo, zizitangaze katika Jumuiya Ndogo Ndogo, na mwenye silaha asindikizwe na viongozi wake. Nasi mapadre tuko tayari kwenda naye.

Yule mhunzi tulirudi kwake. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sawa, Padre. Jembe la kiwandani dukani ni rahisi kuliko langu. Nikiacha hili, nitakula nini?" Siku ile hatukuwa na jibu, na jibu tulilo nalo leo ni dogo. Parokia imemwagiza bawaba na makomeo ya milango ya kanisa jipya la kigango, na wenye plau za ng'ombe wameanza kumpelekea zilizovunjika. Gobore lile bado limo ndani ya gunia. Amesema muda wa kusalimisha ukitangazwa tena tumwite, ila hataki kulibeba mchana.