Samaki wanavuka Mweru, cheti cha daktari kinakwama

Mfanyabiashara wa Kashikishi anajua kwamba chisense, wale dagaa wa Ziwa Mweru, hawana bei moja. Gunia lile lile lina bei yake ufukweni, lina nyingine Mansa, na nyingine kabisa likifika Kasumbalesa kuelekea miji ya migodi ya Katanga. Anayenunua bila kuuliza soko la mwisho ni lipi hujuta njiani. Ajabu ni kwamba watu hawa hawa wakifikia uamuzi mzito kuliko magunia yote, yaani mtoto aliyemaliza udaktari akasomee ubingwa wapi, wengi huuliza swali moja tu: nchi gani ina jina?

Swali hilo halitoshi, na kwa watu wa ziwani gharama yake ni kubwa. Nchelenge inategemea Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo. Mgonjwa anayeihitaji hospitali ya mkoa anapelekwa Mansa, zaidi ya kilomita 200, na kesi ngumu zaidi inaishia Lusaka, mwendo wa takriban kilomita 1,000. Malaria hapa haina msimu wa kupumzika. Tangu 2018 wilaya hii pia ina makazi ya Mantapala yanayohifadhi wakimbizi waliotoka Kongo. Kila bingwa anayepatikana au kupotea anahesabiwa.

Familia nyingi za Zambia zimesomesha watoto udaktari China, Urusi na kwingineko, na fedha za samaki zimechangia. Ng'ambo ya ziwa, Pweto na Kilwa (ile ya Kongo, isichanganywe na kisiwa cha Kilwa upande wa Zambia, wala na Kilwa ya pwani ya Tanzania), chuo kinachotazamwa ni Lubumbashi. Kijana akirudi na shahada ya nje anakuta kwamba hata nyumbani ni mhitimu wa kigeni: Baraza la Wataalamu wa Afya la Zambia, HPCZ, linamtaka afanye mtihani kabla ya kumpa leseni. Hilo ni haki. Tatizo ni kwamba familia nyingi hulisikia baada ya ada ya mwisho kulipwa.

Kisha inakuja ndoto ya Marekani. Mlango wake una utaratibu wa wazi kuliko inavyosimuliwa sokoni. Kwanza chuo alichosoma kiwe kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, tena kikiwa na alama ya kukubaliwa na ECFMG, chombo kinachohakiki vyeti vya waliosoma nje ya Marekani. Kisha mitihani ya USMLE, na ule wa Kiingereza cha kitabibu. Sehemu ya kwanza ya USMLE haitoi tena alama tangu 2022; ni kufaulu au kufeli, kwa hiyo uzito umehamia sehemu ya pili. Baada ya hapo maombi, ambayo hufunguliwa Septemba na hulipiwa kwa kila programu. Mwombaji na hospitali hupangana kwa orodha za siri, kompyuta inawaoanisha, na matokeo hutoka Ijumaa ya tatu ya Machi. Ukioanishwa umefungwa, hakuna kurudi mezani kupunguza bei.

Kalenda hiyo ina maana yake Mweru. Uvuvi hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Ada za maombi huja wakati nyavu bado ziko majini, lakini sehemu ya msimu wa mahojiano, ambayo siku hizi mengi hufanyika kwa video, huangukia miezi ambayo familia haiingizi kitu. Mzazi asiyetenga fedha ya intaneti na umeme mapema anaweza kuipoteza nafasi kwa sababu ya kadi ya vocha.

Na matokeo yenyewe? Mwaka 2025, katika wahitimu wa vyuo vya nje wasio raia wa Marekani walioingia mchakato huo, takriban asilimia 58 walipata nafasi. Wahitimu wa vyuo vya udaktari vya Marekani wenyewe walikuwa zaidi ya asilimia 93. Programu nyingi zinataka pia barua kutoka kwa madaktari wa Marekani waliomwona mwombaji akiwa wodini, jambo linalohitaji safari. Hapo ndipo mfanyabiashara asome kwa makini: kuanzia 20 Agosti 2025 Mzambia aliyeomba viza ya matembezi au ya biashara aliweza kutakiwa kuweka dhamana ya hadi dola 15,000. Mwezi uliofuata ikatangazwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B, mojawapo ya viza mbili ambazo hospitali hutumia kuwaajiri wanaosomea ubingwa. Ile nyingine, J-1, inahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi ya daktari, na kwa kawaida inamtaka arudi nyumbani miaka 2 baada ya mafunzo, isipokuwa apate msamaha, mara nyingi kwa kukubali kufanya kazi kwenye maeneo ya Marekani yenye uhaba wa madaktari. Maana yake Nchelenge inashindana na vijiji vya Marekani kwa daktari yule yule.

Uingereza inachanganya watu kwa namna nyingine. Kufaulu PLAB, ambayo sehemu yake ya pili hufanyika Manchester, kunafungua njia ya kusajiliwa. Hakumpi mtu nafasi ya ubingwa. Ni sawa na kuwa na leseni ya biashara bila meza sokoni. Mwaka 2025 serikali ya huko ilitangaza kwamba itawapa kipaumbele wahitimu wa vyuo vya nyumbani.

Sasa mlango ulio karibu, ambao watu wanaupita kama duka la jirani. Chuo Kikuu cha Zambia kinafundisha mabingwa Lusaka, na Muhimbili inafanya hivyo Dar es Salaam. Halafu kuna COSECSA, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha. Chuo hiki hakina kuta: daktari anajifunza akiwa kazini kwenye hospitali iliyoidhinishwa, miaka 2 ya mwanzo kupata uanachama, kisha kwa kawaida 3 ya ubingwa, na mtihani ni mmoja kwa nchi zote wanachama, Zambia ikiwamo. Wenzao wa magonjwa ya ndani wanacho ECSACOP, kilichoanza 2015. Miaka aliyofanya kazi Nchelenge, ambayo Marekani inaweza kuonekana kama pengo tangu kuhitimu, hapa inahesabika kuwa uzoefu.

Wasiwasi kwamba mabingwa hawa huondoka nao umepimwa. Utafiti uliochapishwa 2017, uliofuatilia mabingwa wa upasuaji waliohitimu katika kanda hii kati ya 1974 na 2013, ulikuta zaidi ya asilimia 80 wamebaki katika nchi walizosomea. Mtu anayetaka mwanawe awe bingwa na pia awe karibu naye uzeeni ana hoja hapo.

Lakini mlango wa karibu nao una kizingiti, na lawama si ya wazazi. Mtihani wa COSECSA ni wa Kiingereza. Mhitimu wa Lubumbashi amesoma kwa Kifaransa. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, Zambia haimo. Hata ndani ya Jumuiya, mikataba ya kutambuana iliyosainiwa imewagusa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Daktari wa ng'ombe amemtangulia daktari wa watu! Mabaraza ya madaktari yamekuwa yakikagua vyuo kwa pamoja, na ni hatua njema, ila haivuki Mweru.

Zambia na Kongo zote zimo COMESA na SADC, kwa hiyo kisingizio cha kukosa meza ya kukutania hakipo. Samaki wa ziwa hili wanavuka, saruji inavuka, wagonjwa wanavuka, na Mantapala wapo wanaoeleza maumivu yao kwa Kiswahili mbele ya daktari asiyekijua. Daktari aliyesoma Lubumbashi, anayezijua lugha za fukwe zote mbili, hatofautishwi Lusaka na aliyetoka bara jingine.

Vyama vya wafanyabiashara wa ziwani vimezoea kudai ushuru upunguzwe. Safari ijayo wakikaa na mbunge wao waongeze dai la pili: HPCZ na wenzao wa Kongo wakubaliane mtihani mmoja wa lugha na kipindi maalumu cha kufanya kazi chini ya usimamizi, Mansa au hapo hapo Mtakatifu Paulo, kisha leseni ya kuhudumu wilaya za ziwani, na miaka hiyo ihesabiwe mwombaji anapotafuta nafasi ya ubingwa katika kanda.