Kiyoyozi cha bei rahisi na LUKU isiyokaa

Mfanyabiashara akishavusha viyoyozi vyake Namanga, Rusumo au Mutukula, akalipa ushuru na mzigo ukafika dukani salama, huona kazi imekwisha. Kwa mteja ndiyo kwanza inaanza. Wa Dar es Salaam atailisha mashine ile LUKU, wa Mombasa tokeni, wa Kampala Yaka, wa Kigali Cash Power, na kila salio likiisha atamkumbuka aliyemuuzia.

Kosa hufanyika palepale dukani. Muuzaji hushika rimoti, hushusha hadi nyuzijoto 16, hewa baridi ikavuma na mteja akatabasamu. Anarudi nyumbani akiamini kwamba 16 hupoza haraka kuliko 24. Si kweli. Kompresa ya kiyoyozi cha kawaida ama inafanya kazi kwa nguvu zote ama imezimika. Haina kasi ya akiba. Kukiwekea 16 ni kukinyima mapumziko, maana chumba cha Mombasa mwezi Machi hakifiki huko kirahisi. Kiyoyozi cha inveta hupima joto la chumba, na kikikaribia kiwango kilichowekwa hupunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha upya. Huo ndio uwerevu unaostahili kulipiwa. Kuwasha kiyoyozi kwa simu mtu akiwa kwenye foleni ya magari ni raha, lakini ni pambo tu ikiwa kompresa ni ileile ya zamani.

India iliamua kwamba kuanzia Januari 2020 viyoyozi vya majumbani vyenye lebo ya nyota vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa 24. Anayetaka kushusha hashikwi mkono. Kwa hesabu ya mamlaka za huko, kila nyuzijoto moja inayopandishwa huokoa takriban asilimia 6 ya umeme.

Hoja ya bei ina uzito, kwani mtaji wa wengi ni mdogo na mtumba wa Ulaya au Ghuba ni nafuu. Ila mitumba mingi ya zamani hutumia gesi ya R22, inayoondolewa sokoni duniani chini ya Itifaki ya Montreal. Ghana ilikwisha kupiga marufuku uingizaji wa viyoyozi na majokofu yaliyotumika. Sheria kama hiyo ikipita huku kontena liko baharini, hasara ni ya mwenye mzigo.

Kenya ina lebo yake ya nyota, Rwanda ina kiwango chake cha chini. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mji wake mmoja, Kigali, ulilipa jina rekebisho la itifaki hiyo mwaka 2016, inapaswa kuwa na lebo moja inayokubalika kila mpaka, ili mzigo uliopimwa Nairobi usipimwe tena Kigali. Hadi hapo, anayenunua kwa jumla Kariakoo aulize kabla ya kutoa fedha kama mashine ni ya inveta, inatumia gesi gani, na lebo yake inatambuliwa na nchi anakoipeleka.