Mwanachama Anapoaga

Mwanachama wa chama cha ushirika wa akiba na mikopo atakapo kutoka huandika barua. Mara nyingi barua hiyo husema kwamba anatoka "kwa sababu za kifamilia". Katibu huipokea, huigonga muhuri, huitia katika jalada, na habari huishia hapo. Wako viongozi wanaoshauri kwamba mtu huyo aitwe kwanza, aketi, aulizwe kwa nini anaondoka. Wengine hujibu kwamba huko ni kupoteza wakati, kwani aendaye zake hazuiliki. Twaona yafaa shauri hili lipimwe, maana si dogo kama lidhaniwavyo.

Kwanza yapasa ieleweke kwamba kutoka ni haki. Hiari ndiyo kanuni ya kwanza ya ushirika ulimwenguni kote, nayo nchi yetu imejifunza thamani yake kwa hasara. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujiunga mwaka 1925, na mwaka 1933 KNCU ikaundwa. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa uamuzi wa Serikali, si kwa uamuzi wa wanachama. Sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha, majina yalirudi upesi kuliko imani. Basi mahojiano yakigeuzwa kuwa njia ya kumkalisha mtu mlangoni hata aone haya kutoka, ni afadhali yasiwepo kabisa.

Hata hivyo hatukubali kwamba hayana faida. Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, alieleza aliyoyaona katika reli ya Nigeria. Huduma ilipozorota, wenye mizigo walihamia katika malori. Waliohama ndio hasa waliokuwa na uwezo wa kupiga kelele hata wasikiwe, kwa hiyo reli ikakosa wa kuikemea, ikaendelea kuzorota. Ndivyo yalivyo katika vyama vyetu. Atokaye mapema ni yule awezaye kuweka fedha zake mahali pengine, ajuaye kusoma hesabu, aliyeona kwamba mkopo wa ndugu wa kiongozi hutoka upesi na wa mjane hungoja. Mwenye deni, au aliyemdhamini mwenziwe, hawezi kutoka; naye hunyamaza. Kwa hiyo chama humpoteza msemaji wake na kubaki na utulivu, kisha viongozi huuhesabu utulivu huo kuwa ni ridhaa.

Ubaya ni kwamba mahojiano hufanywa siku isiyofaa na mtu asiyefaa. Muulizaji ni meneja au mwenyekiti, na yaelekea yeye ndiye sababu yenyewe. Muulizwaji bado hajalipwa akiba yake, hisa zake bado hazijapata wa kuzinunua, na huenda kesho wakakutana msibani. Nani atasema kweli hapo? Sisi wenyewe tulipata kuandika barua ya namna hiyo kwa chama kimoja, na sababu tulizotaja hazikuwa sababu zetu. Tuliulizwa kwa upole, tukajibu kwa upole, tukapewa mkono. Chama hakikupata kitu kwetu siku ile ila karatasi moja zaidi katika jalada, na hatuwezi kusema kwamba kosa lilikuwa la muulizaji peke yake.

Twashauri, basi, mwanachama alipwe haki yake yote kwanza, kisha ndipo aulizwe, hata ikiwa ni baada ya miezi miwili au mitatu, hasira na haya vikiisha kupoa. Aulizwe na mjumbe wa Kamati ya Usimamizi, ambayo kazi yake ni kuwachungua watendaji, wala asiwe mtendaji mwenyewe. Maswali yawe machache: ni lini alipofikiri kutoka kwa mara ya kwanza, alimwambia nani, naye alijibiwa nini? Hilo la pili ndilo kubwa, kwa sababu wengi waliotoka walikuwa wamekwisha kusema zamani, wala hakuna aliyeandika. Aliyeacha tu kuweka akiba bila kuandika barua naye atafutwe, maana watu wa namna hiyo hawamo katika jalada lolote, na ndio tunaowasahau.

Chama kisichoweza kuwasikiliza waliobaki kisijisumbue na wanaotoka. Itakuwa ni kukusanya malalamiko kwa kufungia kabatini, na wanachama hulitambua jambo hilo upesi.

Katika taarifa ya mwaka huwapo mstari unaotaja wanachama wangapi wamejiunga na wangapi wametoka. Chini yake pana nafasi ya maneno machache: walitoka kwa nini, na halmashauri imetengeneza nini, bila kumtaja mtu kwa jina. Tungependa maneno hayo yasomwe kwa sauti katika mkutano mkuu ujao, kabla ya hesabu, watu wakiwa bado hawajachoka.