Dirisha kwa shilingi, aluminiamu kwa dola

Hewa ya chumvi haina huruma. Mwenye nyumba wa Likoni au Mtwapa akishabadilisha dirisha la chuma mara mbili kwa sababu ya kutu, mara ya tatu huuliza bei ya aluminiamu. Ndiyo maana karakana hizi zimejaa mitaani, na kwa macho biashara yanawiri. Lakini nikikaa na mafundi barazani nasikia malalamiko tu. Humlaumu mwenye duka la profaili. Mimi naona wamekosea mtu.

Aluminiamu huuzwa duniani kwa dola. Mwaka 2023 ulianza dola ikiwa kama shilingi 123, ukaisha ikikaribia 157. Fundi naye humpa mteja bei ya shilingi, akapokea arubuni, kisha angoje mwashi amalize ukuta. Tuchukulie kazi ya shilingi 200,000 ambayo mali yake ni 140,000, na faida baada ya vibarua, vioo na kodi ya karakana ni 20,000. Mali ikipanda kwa asilimia 10 tu, 14,000 zimekwenda. Zilizobaki ni 6,000, na mteja hataki kusikia habari za dola. Hapo ndipo wengine hupunguza unene wa profaili kimyakimya, na upepo wa kusi ukija dirisha latetemeka.

Wapo wanaotaka kiwanda cha kuzalisha aluminiamu hapa Pwani. Tani moja hula takriban uniti 14,000 za umeme, hizi hizi tunazonunua kwa tokeni. Bahrain na Falme za Kiarabu wana gesi yao. Sisi tuna bili.

Chakavu ndiyo mali yetu, kwani kuiyeyusha upya huhitaji kama asilimia 5 ya nishati hiyo. Leo fundi huuza vipande vilivyobaki kwa kilo, kwa bei ya kutupa. Tena mwaka 2022, serikali iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya nguzo za umeme zilizohujumiwa, hata hiyo ikakatazwa.

Karakana kumi za mtaa mmoja zikiweka mabaki pamoja, zikanunua profaili kwa chama, zitapata sauti dukani. Na kila karatasi ya bei iandikwe: bei hii ni ya siku saba.