Niacheni niogope kidogo, ni Majilio

Alhamisi ya Novemba 28 mwaka jana daktari alinichoma sindano ya ganzi kwenye titi la kushoto, akachukua kinyama, akakitia kwenye kichupa na kuniambia, “Mwalimu, majibu ni baada ya wiki tatu.” Nilimuuliza kama hakuna namna ya kuyapata mapema. Akatabasamu tu. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya Majilio, na usharikani kwetu, nje kidogo ya mji wa Moshi, meza ya Bwana ikavishwa zambarau na mshumaa wa kwanza ukawashwa.

Nina miaka 63. Nimefundisha darasa la tatu na la nne kwa miaka 34, nimelea watoto watatu, nimezika mume. Nilidhani hofu naijua. Niliyoijua ni ile yenye kazi ya kufanya: mtoto ana homa, unamfunga mgongoni unakimbilia zahanati. Hofu ya kungoja majibu haina kazi. Unaamka saa nane usiku, mvua za vuli zinapiga mabati, unajigusa palepale ulipokatazwa kujigusa, usingizi unakuja majogoo wakianza kuwika.

Wiki hiyo nilikwenda kwenye maombi ya alfajiri. Mhubiri, ambaye simtaji na ambaye najua hakuwa na nia mbaya, alisema mwenye imani haogopi, na anayeogopa akajipime upya. Akatutaka tutamke kwa sauti kwamba hofu haina nafasi kwetu. Nilitamka pamoja na wenzangu, tena kwa nguvu. Nilirudi nyumbani na hofu mbili: ya uvimbe, na ya kwamba huenda miaka yote hii sikuwa Mkristo.

Ninaandika kwa ajili ya hofu hiyo ya pili, kwa sababu tuliileta wenyewe. Nasema “tuli” kwa kuwa na mimi ni mzee wa kanisa, na nimewahi kumwambia mgonjwa maneno yaleyale.

Hebu tusome Luka sura ya kwanza polepole, kama nilivyokuwa nikiwasomesha watoto, bila kuruka mstari. Gabrieli anamwambia Zakaria asiogope. Katika mwezi wa sita wa mimba ya Elisabeti anamwambia Mariamu vilevile. Haambiwi hivyo mtu asiye na sababu ya kuogopa. Huyu ni binti aliyeposwa, anakwenda kubeba mimba ambayo hakuna atakayeamini maelezo yake, na anaishi mahali padogo. Wanawake wenzangu, vijiji tunavijua. Malaika hamkaripii. Anampa habari, anamjibu swali lake, kisha Luka anaandika jambo ambalo kwa miaka mingi nililipita: malaika akaondoka.

Akaondoka! Naye Mariamu anafanya nini? Anafunga safari upesi kwenda milimani, Yudea, kwa jamaa yake Elisabeti, mwanamke mzee ambaye naye ana mimba yake ya ajabu, na anakaa huko kama miezi mitatu. Ahadi ya Mungu alikwisha kuipokea. Bado alihitaji mtu wa kukaa naye jikoni.

Elisabeti wangu alikuwa bibi jirani, wa miaka 80 na zaidi. Alikuja Jumatatu ya wiki ya pili na kisu chake mwenyewe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akavuta kigoda na kuanza kumenya ndizi za mtori. Hakuomba kwa sauti wala hakuniwekea mikono. Baada ya kitambo akaniuliza, “Unaogopa nini hasa, mwanangu?” Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia kufa si sana. Naogopa kulazwa kitandani binti yangu aje aniogeshe.

“Hata mimi hilo ningeliogopa,” akasema, akaendelea kumenya. Alipoondoka akasema, “Kesho nitakuja.”

Akaja. Alikuja kila siku hadi tarehe 19, akakosa siku moja tu, ya soko. Hofu haikwisha. Ilipungua ikawa mzigo wa kubebeka na watu wawili, na usiku wa Jumatatu ile nililala hadi saa kumi na moja.

Katika sanduku la vitabu vya marehemu mume wangu, aliyekuwa mwinjilisti, mna kitabu kuhusu Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyempinga Hitler na kukamatwa Aprili 1943. Novemba mwaka huo, akiwa katika gereza la Tegel, Berlin, alimwandikia rafiki yake Eberhard Bethge kwamba maisha ya gerezani yanafanana sana na Majilio: mtu anangoja, anafanya hiki na kile kisicho na uzito, na mlango hufunguliwa kutoka nje tu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Wiki nzima nilikuwa nikitafuta ufunguo ndani ya chumba: simu kwa mtu anayemjua mtu wa maabara, mizizi ya kuchemsha, chupa ya mafuta ya upako kwa shilingi 10,000. Bonhoeffer hakutoka gerezani kama rafiki zake walivyotamani. Alinyongwa huko Flossenbürg Aprili 9, 1945.

Na Yohana Mbatizaji? Yuko gerezani anapotuma wanafunzi wake wamuulize Yesu kama ndiye yule ajaye au wamngoje mwingine. Huyo ndiye aliyembatiza! Yesu anawarudisha na jibu, kisha anamsifu Yohana mbele ya umati. Hamwambii akajipime upya.

Lile taji la mishumaa tunaloliweka mbele ya kanisa lina asili yake. Mwaka 1839 mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern wa Hamburg alikuwa akilea watoto maskini, nao walikuwa wakimsumbua kwa swali moja: Krismasi lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Jumapili, wakawa wanawasha mmoja kila siku. Angeweza kuiwasha yote siku ya kwanza ili wanyamaze. Sisi kwaya yetu ilianza nyimbo za Krismasi Novemba, na madukani mjini hali ni hiyohiyo. Sina ugomvi na nyimbo. Nauliza tu, anayengoja tumemwachia wapi pa kukaa?

Majibu yangu yalitoka Desemba 19, saa tano asubuhi. Jirani zangu wanayajua. Hapa siyaandiki, na ni kwa makusudi, kwa sababu tumezoea ushuhuda wenye majibu mema, tukapiga makofi, na aliyepata mabaya akabaki kimya benchi la nyuma. Bibi yule alikaa kwenye kigoda changu siku zile hakuna aliyejua lolote.

Kwa hiyo, wachungaji wangu, nawaomba jambo dogo. Jumapili hii, kwenye matangazo, baada ya ndoa na kabla ya mnada wa mazao, ulizeni ni nani anangoja: majibu ya hospitali, hukumu ya kesi, mtoto aliye safarini usiku kwa basi la sikukuu. Andikeni majina. Kisha tugaweni wazee wa kanisa, nyumba kwa nyumba, na mtukataze kuhubiri huko. Mtaani kwetu tumekwisha kuanza. Mimi nina nyumba mbili, Jumanne na Ijumaa, na kisu nimekinoa.