Nasaba ya Mfungwa

Zamani, Mwaustralia aliyegundua kwamba babu wa babu yake aliletwa kwa pingu kutoka Uingereza aliificha habari hiyo; leo huitangaza kwa fahari. Wafungwa wapatao 162,000 walipelekwa huko kati ya 1788 na 1868, wengi kwa kosa la wizi. Adhabu ilikuwa kali kupita kosa. Hilo halina ubishi. Lakini baadhi yao, walipofunguliwa, walipewa mashamba, na mashamba hayo yalikuwa na wenyewe, waliofukuzwa bila fidia. Asomaye daftari la jela na kuiacha hati ya shamba hatafuti wazee wake, atafuta sifa. Aibu ilificha nusu ya kweli. Fahari yaificha nusu iliyobaki.